Uji wa Wadudu

Kambarage, Shinyanga. Jumapili, 23 Novemba

Vifaranga vimefika. Vimetoka pwani kwa ndege hadi Mwanza, kisha hapa kwa gari la kukodi, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa, kila kimoja chembamba kama kipande cha uzi. Nimevishusha polepole kwenye matangi yetu manne ya turubai, nikiongeza maji kikombe kwa kikombe ili visishtuke. Mume wangu Ngassa alisimama ukutani mikono nyuma, akitazama kama mkaguzi wa serikali.

"Ndio hao wadudu wenyewe?"

"Kambamiti, Baba Blessing."

"Wana miguu mingi, wana masharubu, macho yametoka nje. Sisi Wasukuma kitu kama hicho tunakikanyaga."

Mtaa mzima unaona nimerukwa na akili. Kufuga viumbe wa baharini Shinyanga! Lakini kisima chetu kina maji ya chumvi tangu tulipokichimba. Chai yake hainyweki na nguo hazitakati, na watu wametucheka nacho miaka yote. Mimi kabla ya kuolewa nilifanya kazi kwenye shamba la kamba huko pwani, na siku nilipoyaonja maji haya kwa makini nilijua yanafaa. Nikaongeza magunia ya chumvi ya mawe, basi.

Naandika shajara hii kwa sababu moja. Mwezi wa tisa daktari alimwonyesha Ngassa picha ya kifua chake. Mapafu yamejaa vumbi la mwamba. Akamwambia wazi, mzee, ukirudi shimoni hutoki salama. Ngassa amechoronga mwamba kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Masumbwe, miaka mingi, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa plenti, pale wanapolowanisha mchanga wa dhahabu kwenye matangi ya sianidi. Hajui kazi nyingine na hataki kusikia kwamba analishwa na mke. Tumebishana mpaka majirani wakachoka kusikiliza. Mwisho akasema, "Nakupa msimu mmoja. Mvua hizi tu. Wadudu wako wakituvusha, sirudi. Wakishindwa, usinizuie."

Nikamwambia ajiandae kuwala. Akacheka mpaka akakohoa. "Siku nikijua sirudi tena shimoni, siku hiyo nitakula mdudu wako. Kabla ya hapo usiniwekee mezani."

26 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Vifaranga vinakula.

30 Novemba

Ngassa ameniuliza kwa nini simwagi maji machafu. Nilikuwa na haraka, nikamjibu kwa mkato, lakini hapa niandike vizuri.

Kamba hula sehemu tu ya chakula unachompa. Kinachobaki, pamoja na kinyesi chake, kina naitrojeni, na naitrojeni hiyo inageuka amonia, na amonia inaua. Mwenye maji mengi atayamwaga kila siku alete mengine. Sisi hatuna maji ya kumwaga. Kwa hiyo nafuga pia bakteria. Nawapa molasi, yaani sukari, na sukari ndiyo kaboni. Bakteria wakishiba kaboni wanaitafuta naitrojeni waile pamoja, kama mtu anavyotafuta mboga akiona ugali. Wanaongezeka, wanashikamana, wanakuwa vibonge laini vya rangi ya kahawia, na kamba wanavila tena. Sumu imegeuka chakula. Kazi yangu yote ni kuhakikisha ugali na mboga vinalingana: kaboni ikipungua, amonia inapanda, ikizidi, bakteria wanazaana mno na kuwamalizia kamba hewa.

Kila asubuhi nachota maji kwenye chupa niliyoikata kitako na kuigeuza kichwa chini, nasubiri vibonge vitulie, naona vimefika wapi. Leo vimeanza kuonekana. Nimefurahi kuliko siku ya harusi.

"Kumbe unawapikia uji," Ngassa alisema alipochungulia chupa.

"Ni uji, ndiyo."

"Uji wa wadudu. Mimi asubuhi nimekunywa chai kavu."

5 Desemba

Hakuna jipya. Jirani ameuliza kama kamba wanauma.

12 Desemba

Urvi amekuja kuona mali. Yeye na kaka yake wana hoteli mjini, na ndiye atakayenunua mavuno yote. Amezaliwa hapahapa Shinyanga, anaamkia Kisukuma vizuri kuliko mimi Msumbwa.

"Wangaluka, mayu," akaanza. Kisha akainama juu ya tangi, akarudi nyuma haraka. "Mama Blessing, mimi mwenyewe sili kitu chenye macho. Lakini wateja wangu wamechoka na sato. Hao wa migodini kila siku wananiuliza kamba, kamba. Wewe nifugie tu."

Ngassa alifurahi sana kumpata mwenzake asiyekula. Wakazungumza nusu saa juu ya masharubu.

19 Desemba

Tumegombana. Nimemkuta ameingiza mkono tangi la pili mpaka kwenye kiwiko, ananusa vidole.

"Maji yako yanafanana na ya plenti," akasema. "Povu hilihili. Pale harufu ikianza tu, tunatia chokaa. Harufu inakata."

"Hapa si plenti."

"Na wewe si unatia chokaa? Kila Jumatatu nakuona."

Natia, kweli. Kikombe kimoja cha chokaa ya shamba kwa tangi, nimekikoroga kwanza kwenye ndoo, kwa sababu bakteria wanavyofanya kazi wanayachachusha maji na lazima uyarudishe kidogo. Ningeweza kumweleza. Lakini nimeishi na mtu huyu miaka kumi na minane, na hakuna kitu chini ya jua ambacho hakikufanywa vizuri zaidi plenti. Supu ilipikwa vizuri zaidi plenti. Nikamwambia, "Baba Blessing, haya matangi usiyaguse. Kaa, pumzika, ndicho daktari alichosema." Akajifuta mkono kwenye suruali akaenda kukaa.

Najua nina ulimi. Lakini wadudu hawa nimewabeba kichwani peke yangu, siwezi kuwa na mabosi wawili.

25 Desemba

Blessing amerudi kutoka bweni. Tumepika pilau. Mvua toka alfajiri.

28 Desemba

Mvua.

3 Januari

Kamba wana urefu wa kidole changu cha mwisho. Ukipitisha tochi, macho yao yanawaka mekundu kama makaa madogo. Nimemwita Ngassa aone. Hakusema wadudu. Alikaa pale muda mrefu, na kikohozi chake kilikuwa kimetulia kabisa, nikaona kwamba jambo hili linawezekana.

9 Januari

Molasi inaelekea kuisha. Inatoka Kagera, na lori limekwama upande wa pili wa daraja lililosombwa. Dereva anasema siku mbili. Nimempigia mara nyingi mpaka ananiita shangazi.

14 Januari

Simu kutoka Masumbwe. Mama mdogo Eufrasia amefariki. Ndiye aliyenilea baada ya mama, ndiye aliyenifunga nepi. Siwezi kutokwenda, na nikienda siwezi kuondoka kabla ya matanga kuanuliwa. Mtoto wa kike wa marehemu akiondoka na watu bado wamelala kwenye mikeka, atasemwa mpaka wajukuu zake.

Nimemwachia Ngassa matangi. Nimempimia chakula kwenye mifuko, wa asubuhi na wa jioni. Molasi iliyobaki nimeigawa kwenye chupa. "Blowa za hewa zisizimwe hata dakika. Umeme ukikatika, washa jenereta. Lori litafika kesho kutwa. Usiongeze kitu kingine."

"Ndiyo, bosi," akasema. Alinibebea begi mpaka stendi, akapumzika mara tatu njiani, kila mara akijifanya anafunga kiatu.

16 Januari, Masumbwe

Tumezika kwenye tope. Naandika nikiwa kwenye mkeka, wanawake wamelala kila upande. Ngassa amenitumia ujumbe: "Wadudu wazima." Nimelia nikamaliza nikaanza upya.

18 Januari, Masumbwe

Ngassa amepiga nikiwa jikoni nakoroga ugali wa msiba.

"Lori halijaja. Molasi imeisha tangu jana. Maji yananuka."

"Yananuka nini?"

"Mkojo. Kama zizi. Na wengine wanakuja juu, wanarukaruka."

Amonia. "Usiwape chakula. Sikia, usiwape hata punje. Mimi kesho matanga yanaanuliwa, naondoka na basi la kwanza."

"Na hii harufu je?"

"Usiwape chakula, Baba Blessing, mengine..." Hapo sufuria ikainama, mtu akaniita kwa ukali, simu ikakatika. Nilipopiga tena mtandao haukuwepo. Nilijaribu mpaka betri ikafa, nikajiambia kwamba kutokula kutawashikilia mpaka nifike.

19 Januari, Shinyanga

Nimefika mchana. Kabla ya kufungua geti nilisikia blowa zinafanya kazi, nikashukuru Mungu. Kisha nikaona tangi la kwanza.

Wamelala chini wote. Kamba mzima mwili wake unapitisha mwanga. Hawa walikuwa weupe kama mahindi yaliyochemshwa. Vibonge vyangu, uji wangu wote wa wiki nane, vimekatika na kuganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Nikachovya karatasi ya kupimia maji, ikawa ya zambarau iliyokolea, rangi ambayo sikuwahi kuiona tangu nianze kazi hii. Tangi la pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo.

Ngassa alikuwa amekaa juu ya ndoo kando ya tangi la nne, mikono imefungwa khanga yangu. Pembeni yake kuna gunia tupu. Si chokaa yangu ya shamba. Ni chokaa kali ya plenti, ile inayochemka ikikutana na maji.

"Ulitia nini?"

"Chokaa. Harufu ilizidi, Mama Blessing. Nikampigia Magesa kule Masumbwe, akanitumia gunia kwa basi. Nilitia kama tunavyotia kule. Gunia halikufika tangi la nne."

Nilipiga kelele. Sitaandika nilichosema. Nilimwita majina ambayo mke hamwiti mumewe, na majirani walikuja mpaka getini wakarudi.

Jioni, baada ya kuchota maiti kwa chandarua na kuzifukia nyuma ya choo, ndipo akili ilianza kufanya kazi. Kule plenti sianidi inalala kwenye maji yenye chokaa. Maji yakipungukiwa chokaa, ndipo inapanda hewani na kuua watu. Ngassa amewaona waliokufa hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kumburuta mwenzake kwa miguu kumtoa kwenye harufu. Kwa hiyo harufu ya sumu ikitoka kwenye tangi, mkono wake unakwenda kwenye chokaa kabla hajafikiri. Na amonia ni kinyume chake kabisa. Kwenye maji ya kawaida sehemu kubwa imelala, kamba wanavumilia. Ukizidisha chokaa unaiamsha yote kwa mara moja.

Jambo lilelile lililookoa watu kule limeua huku. Na mtu pekee katika mji huu aliyejua tofauti hiyo alikuwa mimi, na nilimwambia hapa si plenti nikaishia hapo.

20 Januari

Nimemfungua khanga. Chokaa imemla ngozi ya viganja vyote viwili mpaka kwenye nyama. Alipoona wanakufa aliingia tangini, akawa anawachota kwa mikono ile na kuwahamishia la nne, wachache wachache, usiku kucha. Wako hai humo wa tangi lenyewe na baadhi ya waliohama.

Nilimpaka dawa. Nilisema, "Unga wa muhogo ulikuwa jikoni. Gunia zima. Muhogo ni kaboni kama molasi. Ungechukua vikombe vichache ukakoroga, yangeisha."

Akanitazama. "Nimwage chakula cha watu kwenye maji? Mwezi wa kwanza huu?"

Ni kweli. Mtu yeyote aliyekulia huku hawezi kumwaga unga mwezi wa kwanza, ghala likiwa tupu na mavuno bado. Na mimi niliyeujua, nilikuwa na simu mkononi na sikuukumbuka.

21 Januari

Tangi la nne bado lina harufu. Nimetia unga wa muhogo, kidogo kidogo. Nimekaa nalo kutwa.

22 Januari

Harufu imepungua. Lori la molasi limefika leo. Dereva ameniletea zawadi ya ndizi, akaniita shangazi, nikafunga mlango nikalia.

25 Januari

Magesa amekuja. Ni rafiki wa Ngassa tangu ujana, ana duara lake Masumbwe. Alikaa ukumbini kofia magotini, aibu imemjaa, kwa sababu chokaa ile aliituma yeye.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kumchukua."

"Sikuja kumchukua. Kanipigia mwenyewe."

Ngassa alitoka chumbani na begi lake la zamani. Nilisimama mlangoni. Nilisema yote, kwa sauti ya chini sasa. Nilisema daktari alisema nini. Nilisema tangi moja lipo, litatoa kitu, tutaanza tena. Nilisema sina hasira tena, na ilikuwa karibu kweli.

"Nilikupa msimu mmoja," akanijibu. "Msimu nimeuua mimi kwa mikono hii. Tangi moja haliwezi kulisha nyumba na kujilisha lenyewe. Acha nikalilishe."

"Mikono yenyewe haijapona!"

"Nitavaa glovu."

Nilimzuia kwa mwili. Alinishika mabega taratibu, akanisogeza kama mtu anavyosogeza kiti, akapita. Ngassa hajawahi kunisogeza tangu tuoane. Kikohozi chake nilikisikia mpaka kwenye kona.

29 Januari

Mvua. Nimekataa kupokea simu yake.

31 Januari

Nimepokea.

7 Februari

Kijana wa bodaboda ameleta gunia kutoka stendi. Unga wa muhogo, mweupe, umesagwa laini. Ngassa amenitumia ujumbe wa sauti: "Mama Blessing, huo si wa kwako. Wako utakuja wiki ijayo. Huo ni wa uji wa wadudu."

Nimecheka peke yangu uani kama mwehu.

8 Februari

Umeme umekatika kutwa. Jenereta limenyonya mafuta yote. Wako hai.

14 Februari

Gunia jingine. Kamba wa tangi la nne wanakula muhogo vizuri kuliko molasi, au labda ni mimi nataka iwe hivyo. Vibonge vimerudi. Chupa yangu inaonyesha uji mzito wa kahawia, kama ule wa Desemba.

21 Februari

Ujumbe wa sauti wa Ngassa, kuulizia hali ya tangi. Nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili sikusikiliza maneno. Nilisikiliza anavyovuta pumzi kati ya neno na neno. Anavuta mara mbili sasa. Nikampigia, nikamwambia arudi leo, nitamlilia hata Magesa. Akasema wamefika kwenye mwamba mgumu, mawe yana dhahabu, si wakati wa kuondoka. Kisha akauliza, "Nikirudi, mdudu atakula nini?"

1 Machi, Jumapili

Amekuja jana akalala. Ameisha. Mkanda wake ameuongezea tundu kwa msumari. Nilimpikia kuku, akala mchuzi tu.

Asubuhi alitoka uani kabla yangu. Nilimkuta amesimama kando ya tangi, mikono nyuma, kama siku ile ya kwanza. Hakugusa kitu.

"Nitie kiasi gani?" akaniuliza.

Basi nikamfundisha. Nilimwekea kigoda, nikaleta mizani, unga, chakula, chupa, karatasi za kupimia. Nilimweleza kaboni na naitrojeni tangu mwanzo, ugali na mboga, kwa nini chakula kikiongezeka unga nao uongezeke, kwa nini tunakoroga kwanza, kwa nini tunatia asubuhi jua likiwepo. Nilimweleza chokaa. Hapo aliinamisha kichwa akatazama viganja vyake.

"Kwa hiyo kule tunailaza na huku tunaiamsha."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu, Mama Blessing. Neno moja hilo."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayesikitikia jambo lililowapata watu wengine. Nimemwona mbishi miaka yote hii, mtu wa plenti, mjuaji. Leo amepima unga kwa viganja vyenye makovu, akaulizia kila kitu mara mbili, akamimina polepole akizunguka tangi ili usirundikane upande mmoja, na alipomaliza akasubiri pale kuona kama wanakula. Angekuwa mfugaji mzuri kuliko mimi. Alikuwa akiniangalia toka Novemba akisubiri nimwite.

Jioni nilimwomba asirudi. Nilipiga magoti. Akasema mwisho wa mwezi wanagawana mawe, akipata fungu lake anaondoka moja kwa moja. Ameondoka.

Kamba hawa niliwaleta wamtoe shimoni. Sasa yeye yumo shimoni ili wao wale. Nimeandika hivyo nikaangalia, na sioni kosa kwenye hesabu.

8 Machi

Gunia limekuja. Hakuna ujumbe.

13 Machi

Mvua kubwa. Simu yake haipatikani.

14 Machi

Magesa amemleta kwa gari, amemlaza kiti cha nyuma. Ameshindwa kupanda ngazi za duara. Wamemvuta kwa kamba ya ndoo. Midomo imekuwa ya bluu. Tumekwenda hospitali moja kwa moja na nguo zake za shimoni. Magesa alikaa kwenye korido akilia wazi, mzee mzima, na sikuwa na nguvu ya kumchukia.

17 Machi

Yuko kwenye oksijeni. Nasikia mashine ile inavyobubujisha hewa kwenye chupa ya maji na nafikiria blowa zangu.

20 Machi

Daktari amenitoa nje kuzungumza. Mapafu yamekuwa magumu, hayapanuki. Hakuna cha kukata wala cha kuongeza. Ataishi kiasi atakachoishi. Akasema nimpeleke nyumbani, nimlaze kwa mito mingi, nimpe anachotaka.

"Shimoni hatarudi tena," akasema, kama vile nilikuwa nimeuliza.

21 Machi

Nimemrudisha. Hawezi kulala chali, tumemfungia mito mpaka kichwani. Dirisha la chumba linaangalia matangi. Kazi ya kukoroga unga naifanyia pale dirishani ili aone. Akiona nimezidisha ananyoosha kidole.

24 Machi

Leo nimepima kiasi kidogo kwa makusudi. Amenyoosha kidole.

28 Machi, Jumamosi

Nimevuna tangi la nne. Mvua zimekatika, jua limetoka kali. Kamba ni wakubwa, wazito, wanarukaruka kwenye ndoo, na Blessing, ambaye nimemwombea ruhusa shuleni, anawapanga kwenye barafu bila woga. Urvi alikuja mwenyewe na gari la hoteli. Alisimama mbali na ndoo kama kawaida yake, akasema hajawahi kuona mali safi kama hii, na kwamba msimu ujao yuko tayari kwa matangi yote manne. Kisha akavua viatu akaingia chumbani kumsalimu Ngassa, akakaa naye. Nilisikia sauti yake tu. Alipotoka alinishika mkono, akaondoka bila kusema neno la biashara tena.

Nilipoingia, Ngassa alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Umeuza wote?" akauliza.

"Nimebakiza wachache. Blessing anataka kuonja."

Akapumzika. Maneno sasa anayatoa moja moja.

"Niletee. Na mimi."

Nilisimama pale na taulo mkononi. Aliniangalia sawasawa, hakutabasamu, na wala hakukwepa macho yangu. Nikaenda jikoni. Nilimmenya yule mkubwa kuliko wote, nikamkaanga na kitunguu na ndimu, nikamkatakata vipande vidogo ili asipaliwe, na mafuta yalinirukia mkononi sikuyasikia. Nilimlisha kwa vidole.

Alitafuna muda mrefu sana. Akameza. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Ana chumvi," akasema. "Kama kisima chetu."

Kisha akafumbua mdomo akisubiri kipande cha pili.